Mwanamke wa Nyamache Aliyekodi Seva

Kama umeoa, umeolewa au umezika mtu upande wa Nyamache katika miaka ishirini hii, basi Kemuma amekupiga picha, upende usipende. Studio yake ni chumba kimoja tu kando ya soko, chenye pazia la buluu kwa wanaotaka picha za kitambulisho na pazia la maua kwa wanaotaka za mapenzi. Mwenyewe ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na tisa, lakini ana sauti ya kupanga harusi nzima ikakaa mstari. "Wewe mrefu, nyuma! Shangazi, inua kidevu, huyo mtoto mpe mwingine!" Hata wachungaji humtii, na wachungaji wa kule si watu wa kuamrishwa ovyo.

Kamera yake ya kwanza aliinunua mjini Kisii, kwa duka la mzee Jaswant. Mzee alimtazama, akaitazama kamera, akasema, "Mama, mwezi huu nimeuzia wanaume watatu kamera kama hii, na wote watatu wamerudi kuniuliza kifuniko cha lenzi kinatokaje. Wewe hutoki hapa mpaka uniambie kila kitufe kinafanya nini." Akamkalisha kwenye stuli nyuma ya kaunta kutwa nzima. Jioni Kemuma alirudi Nyamache akivijua vitufe vyote, na mpaka leo ukimchokoza kwa habari hiyo atakutajia kimoja kimoja. Ana haki. Wakati ule hapakuwa na mwanamke mwingine pale sokoni aliyebeba kamera ya video begani, na waliomcheka ndio hao hao waliokuja kumwita kwenye harusi za watoto wao.

Kisha watoto wa watu wakaenda ng'ambo. Tuseme ukweli, siku hizi utazunguka Kisii na Nyamira yote usipate boma lisilo na mtoto Amerika, Uingereza au Dubai. Na aliye huko, mzazi akifa, si kila mara anaweza kuja. Mwingine kazi haimruhusu. Mwingine makaratasi yake hayajakamilika, akitoka hatarudi. Basi wakaanza kumwuliza Kemuma: huwezi kuturushia laivu? Akajifunza. Akaunganisha kamera na kompyuta, kompyuta na laini ya simu, akawa anarusha mazishi kupitia mtandao mmoja mkubwa wa video, ule ambao kila mtu anaujua na hakuna haja ya kuutaja. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri, naye akatembea kifua mbele.

Halafu ikaja Masimba.

Huko Masimba walikuwa wakimzika mwalimu mstaafu. Jeneza lilipoanza kushuka, aliyesimamia vipaza sauti akaona afadhali aweke wimbo wa dini uliorekodiwa, kwaya ilikuwa imechoka. Mashine za ule mtandao mkubwa zikausikia wimbo, zikasema wimbo huu una mwenyewe, zikakata matangazo papo hapo. Pa! Skrini nyeusi. Kemuma alihangaika mpaka jasho likamtiririka mgongoni, akarudi hewani baada ya dakika kumi na moja. Watu walikuwa tayari wanapanga maua juu ya kaburi.

Binti wa marehemu alimpigia simu kutoka Uingereza. Hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma Kemuma kuliko matusi. Alisema tu, "Dada Kemuma, nilikuwa nimevaa nguo nyeusi, nimekaa mbele ya televisheni na watoto wangu. Sikumwona baba akiingia."

Kemuma alikaa studio siku mbili bila kuwasha taa. Mtu akija kwa picha ya kitambulisho anamwambia mashine imeharibika. Siku ya tatu akaingia gari la mjini, akaenda kwa Meena, mke wa mtoto wa mzee Jaswant, ambaye ndiye anayeendesha duka tangu mzee apumzike. Wanawake hao wawili wamejuana miaka mingi na hawafichani kitu. Meena akamsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai kikombeni, akasema, "Wewe unafanya sherehe kwenye nyumba ya mwenyewe, halafu unashangaa akikufukuza. Kwa nini usiwe na yako?"

"Yangu ya nini?"

"Seva. Sisi tulipofanya harusi ya binti yetu Priyanka, jamaa zetu wote wa ng'ambo walitazama kwa ukurasa wetu wenyewe. Tulipiga nyimbo kutoka asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyetukata."

Seva, Meena akaeleza, ni kompyuta kama hii ya mezani, ila iko mbali, hata nchi nyingine, katika jumba lililojaa kompyuta, haizimwi usiku wala mchana. Unaikodi. Unaipelekea video yako mara moja tu, na hiyo ndiyo inayowagawia watu wote wanaotazama, awe yuko Nakuru au Minnesota. Nyimbo ni zako na mchungaji wako, hakuna mashine ya kukuuliza.

Kemuma alirudi nyumbani amewaka. Mumewe Zachariah, mkulima wa majani chai, mtu mpole mwenye ulimi wa wembe, alimsikiliza huku akivua gambuti zake za mpira za shambani.

"Kwa hivyo unakodi kitu ambacho hujakiona," alisema.

"Ndiyo."

"Katika nchi ambayo hujafika."

"Ndiyo, Baba Ashley."

"Na mwenye nyumba humjui. Mama Ashley, hata shamba la robo ekari mtu huenda kwanza kulikanyaga." Akatikisa kichwa. "Haya. Kikikupotea usiniulize nilikuwa wapi."

Wiki tatu Kemuma alipambana na ile seva. Si kazi ya kubonyeza picha, hapana. Ni dirisha jeusi na maandishi meupe, unaandika amri moja moja, ukikosea nukta inakujibu kwa ukali kuliko karani wa ofisi ya serikali. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika kila amri kwa mkono na kando yake maana yake kwa Kiswahili. Hii ya kuingia. Hii ya kuweka programu ya kupokea video. Hii ya kuiwasha ikilala. Kwa siku nne nzima kompyuta yake ilituma video na seva ikakataa kuipokea, akafuta kila kitu na kuanza upya mara tatu. Kumbe milango ya seva hufungwa yote mwanzoni kwa usalama, na kila mlango una namba yake, naye hakuwa ameufungua ule wa video! Alipogundua alipiga kelele jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kama ni nyoka.

Siku ya majaribio alimchukua Zachariah shambani, akamwelekezea kamera akiwa anachuma chai. Meena alikuwa mjini Kisii, dukani, amefungua ukurasa kwenye simu. Kemuma akapiga simu.

"Unaona nini?"

"Namwona mumeo," Meena akajibu. "Picha safi kabisa. Mwambie afunge vifungo vya shati, kuna wateja hapa."

Kemuma akaketi kwenye ukingo wa shamba, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwanamke wa darasa la nane, kutoka Nyamache, amesimamisha kituo chake cha kurushia video! Hakuomba mtu. Zachariah alifunga vifungo, akajifanya hajali, lakini jioni ile alionekana sokoni akiwaambia watu kwamba ameonekana laivu.

Kazi ya kwanza ya seva ile ikaja mapema kuliko alivyotaka. Nyaboke, mjane aliyeheshimika, jirani wa kilima cha pili, alifariki. Kifungua mimba wake, Ogeto, yuko Minnesota. Wiki tatu familia iliuacha mwili mochari ikimngoja, kila siku Ogeto akisema labda kesho karatasi zitatoka. Hazikutoka. Hatimaye Onsongo, ndugu wa marehemu mume wa Nyaboke na sasa mkubwa wa boma, akatoa kauli: tunazika Alhamisi.

Ogeto akampigia Kemuma. "Auntie, mama alinibeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na malaria, kilomita tisa. Siombi kitu kikubwa. Nataka nimwone akiingia ardhini, na nataka nimwambie neno kabla ya udongo. Nimesikia ya Masimba. Niambie ukweli, utaweza?"

Kemuma angeweza kusema tutajaribu, kama watu wanavyosema wakitaka pa kutorokea. Lakini alisema, "Utamwona, Ogeto."

Kwa Onsongo mambo hayakuwa laini. Kwa desturi ya nyumba ile, kifungua mimba ndiye hutia udongo wa kwanza. Kama hayupo, anayemfuata anachukua nafasi, na yamekwisha. Mzee alimsikiliza Kemuma akiwa amesimama, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Mama Ashley, mtu huja kwa miguu yake. Simu si mtu."

"Ni kweli, tata," Kemuma akasema, akimwita baba kwa heshima. "Lakini mwache aseme tu, kisha dada yake Lavender atie udongo kwa niaba yake. Sauti yake nitaiweka kwenye vipaza sauti, watu wote watamsikia."

Onsongo alitafakari. "Aseme. Lakini ikikatika, mimi sisimamishi mazishi. Mvua ya hapa unaijua."

Alhamisi asubuhi Kemuma alifika bomani kabla ya mahema kusimama. Kamera mbili, moja yake na moja ya mwenzake anayemsaidia. Laini za mitandao miwili tofauti, moja ikichoka nyingine ishike. Betri ya gari chini ya meza, stima ikipotea. Seva aliikodi ya ukubwa wa kutosha watu mia tatu, kwa sababu Lavender alimwambia walio mbali ni kama sabini hivi, naye si mtu wa kubahatisha tena. Saa nne akafungua matangazo. Ogeto akamwandikia kwamba anaona migomba ya nyuma ya jikoni, na kwamba hakujua migomba inaweza kumliza mtu. Kemuma akavuta pumzi ndefu. Kwaya ikaimba, wimbo wa kurekodi ukapigwa, skrini ikabaki imewaka. Alitaka kumpigia simu Meena wakati ule ule amringie.

Saa saba kasorobo, hotuba zikiwa zimepamba moto, picha ikaganda.

Ikasogea kidogo. Ikaganda tena. Ogeto akapiga: "Auntie, mchungaji amesimama na mkono juu, hasogei." Kemuma akatazama laini ya kwanza: imejaa. Ya pili: imejaa. Akaingia kwenye seva kuona idadi ya watazamaji, akadhani macho yanamdanganya. Mia tano arobaini! Na sabini ya Lavender ilikuwa wapi?

Akamwachia mwenzake wa kamera ya pili usukani, akazunguka nyuma ya hema. Na huko ndiko alikoona ajabu ya mwaka. Safu za nyuma, kina mama wamekaa na lesso mapajani, wazee wamekaa, vijana wameegemea ua, na karibu kila mmoja ameshika simu anatazama mazishi. Mazishi haya haya! Yaliyo hatua thelathini mbele ya pua yake! Kiungo kilikuwa kimeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya chama na ya waliosoma pamoja shule ya msingi, na wengi wa waliokuwemo makundini walikuwa pale hemani.

"Mama," Kemuma alimwuliza mmoja kwa upole wa kujilazimisha, "si uangalie tu pale mbele?"

"Pale mbele naona migongo," yule mama akajibu bila kuinua macho. "Na pia nataka nione kama nimetokea."

Nani angemlaumu? Mtu amevaa vizuri, ametoka Nyakoe asubuhi, anataka ajione. Lakini kilima kile kina busta moja tu, ule mlingoti wa simu ulio juu ya soko, na simu mia nne za hemani zilikuwa zinavuta video kutoka kwenye mlingoti ule ule ambao Kemuma alitumia kuisukuma nje. Waombolezaji walikuwa wamemkaba koo Ogeto bila kujua.

Akamwendea Onsongo, akamnong'oneza. Mzee akachukua kipaza sauti. "Jameni, mnaombwa mzime data. Kuna mambo yanarushwa kwa mtandao na mnayazuia."

Ni kosa la Kemuma, alipaswa kujua watu wake. Ambao hawakuwa na habari wakaulizana: ati yanarushwa? Wapi? Nitumie! Dakika mbili baadaye seva ilikuwa inahesabu mia saba.

Alisimama katikati ya uwanja ule na roho mkononi. Angeweza kuufunga ukurasa kwa neno la siri, seva ni yake na amri alizijua. Lakini walio mbali wangelipataje hilo neno saa hizi, nao ndio wenye haja? Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa Kisii mjini. Mchungaji alikuwa anakaribia kumaliza. Masimba yote ikamjia mbele ya macho, ile sauti ya yule binti. Wee! Akapiga moyo konde.

"Lavender," akasema, "ile televisheni ya mama iko sebuleni?"

Iko, inchi hamsini na tano, Ogeto mwenyewe aliituma mwaka jana. Kemuma alitaka itolewe nje, iwekwe juu ya meza nyuma ya hema, aiunganishe na kamera kwa waya moja kwa moja, bila mtandao. Shangazi mmoja akaja juu: vitu vya marehemu vinatolewaje nje na yeye hajazikwa? Watu wakageuka kumtazama Onsongo. Mzee alimkazia Kemuma macho, akaona uso wake, akasema, "Ni televisheni, si ng'ombe. Itoeni."

Wanaume wanne wakaibeba. Kemuma akapiga magoti kwenye nyasi na rinda lake zuri, akachomeka waya, na mchungaji akatokea kwenye kioo, mkubwa, mng'avu, asiyeganda. Safu za nyuma zikanyanyua vichwa. Kamera ya pili ikapita juu ya hema, wakajiona, wakagusana mabega. "Huyo ni mimi! Aki huyo ni mimi!" Na nani atazame simu inayokwama na hapa kuna sinema? Simu zikaingia mikobani moja baada ya nyingine. Kemuma alirudi mbio kwenye kompyuta. Mia saba. Mia nne na kitu. Mia mbili sitini. Laini ya kwanza ikapumua, ya pili ikapumua, na mkono wa mchungaji ukashuka.

"Nimerudi, auntie," Ogeto akasema kwenye simu. "Picha ni safi."

Sasa mwili ukapelekwa kaburini, chini karibu na shamba la chai. Kemuma alikuwa na kamera begani, simu aliyopigiwa na Ogeto imechomekwa kwenye vipaza sauti. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia mkononi. Onsongo akaashiria kamba zianze kulegezwa.

"Ngojeni!" Sauti ya Ogeto ikapasuka juu ya vichwa vya watu. "Tafadhali, ngojeni kidogo. Nasikia kamba, nasikia mkisema anashuka, lakini mimi namwona bado yuko njiani, mmembeba. Masikio yangu yako hapo, macho hayajafika."

Kemuma alijua jambo lile tangu siku ya shamba la chai. Seva huikata video vipande vidogo vidogo, ikavipanga, ndipo ikavigawa, kwa hivyo anayetazama yuko nyuma sekunde ishirini na tano. Kwa hotuba haina shida. Lakini simu ya kawaida haichelewi, na yeye katika mipango yake yote hakuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Ogeto angesikia udongo ukimwangukia mamake kabla hajamwona akiingia.

Onsongo akamgeukia. "Ni nini, Mama Ashley?"

Hakumficha. "Yuko nyuma, tata. Picha inamfikia kwa kuchelewa, sekunde ishirini na tano. Haijakatika. Ni kosa langu, sikulifikiria."

Mvua ikaanza kupiga majani ya migomba, bado nyepesi. Lavender alishika udongo mkononi tayari. Onsongo alitazama mbingu, akatazama kaburi, akatazama ile kamera kama ndiyo kwanza anaiona. Alikuwa amesema hatasimamisha mazishi, na watu wote pale walijua yeye si mtu wa kurudi nyuma.

"Angekuwa anatoka Nairobi na gari limemharibikia njiani, tungemngoja saa mbili," akasema kwa sauti kubwa. "Shikeni hizo kamba. Tunamngoja."

Kisha akavua kofia. Wanaume wote wakavua kofia zao. Mamia ya watu walisimama mvuani bila kusema neno, kamba zimekaza mikononi, wakimngoja mtu mmoja aliye upande wa pili wa dunia awafikie. Kemuma alihesabu moyoni, na kamera haikutikisika.

"Ogeto," Onsongo akaita, "umefika?"

Ogeto akajibu, "Nimefika, baba. Nawaona. Nakuona umevua kofia."

"Haya. Mwambie mama yako."

Aliyomwambia aliyasema kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, machache, na si ya kuandikwa hapa. Jeneza likashuka polepole. Kila hatua Onsongo aliinua mkono, wakasimama, akauliza, "Umeona?" na Ogeto akajibu, "Nimeona," ndipo wakaendelea. Lavender alipotia udongo walingoja tena. Kwenye vipaza sauti alisikika mwanamume mzima akilia kama mtoto, na hapakuwa na jicho kavu kati ya kaburi na barabara. Kemuma alilia pia, lakini kwa jicho moja, la pili alilihitaji kazini.

Mvua kubwa ilikuja walipokuwa wamekwisha kusawazisha udongo. Watu wakakimbilia hemani. Manasseh, katibu wa kamati ya mazishi, akasimama na daftari lake kusoma taarifa, kama ilivyo kawaida: waliochangia, makanisa yaliyowakilishwa, watoto wa marehemu na waliohudhuria. Alikuwa ameiandika asubuhi.

"Kifungua mimba, Ogeto," akasoma, "kwa bahati mbaya hakuweza kufika."

"Futa hapo," Onsongo akasema.

Manasseh akainua macho. "Tata?"

"Futa. Tulisimama mvuani tukimngoja, na akafika. Andika alimzika mama yake. Na chini yake andika aliyemleta."

Manasseh akatafuta kalamu mfukoni. Kemuma alikuwa kwenye kona ya hema akizungusha nyaya zake zilizolowa, amewapa watu mgongo. Akasikia katibu akiuliza kwa sauti jina lake kamili ni nani, naye akageuka, akasimama wima, akalitaja lote.